Chumba Kinachoogopa Joto

Sogeeni hapa, wajukuu, niwape habari za chumba ambacho pengine hamtakiona, lakini mnakitumia kila siku.

Shangazi yenu akitoka hapa Matisi kwenda sokoni Kitale, akalipia mahindi kwa M-Pesa, ujumbe huingia kabla hajafunga gunia. Mnafikiri ile simu ndiyo iliyopiga hesabu? Hapana. Kazi hiyo ni ya seva, kompyuta zisizolala, zilizopangwa ndani ya makabati ya chuma katika chumba hicho. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, seva zake zilikuwa Ulaya. Zikahamishiwa Kenya mwaka 2015. Yaani kwa miaka hiyo yote, pesa ya kutoka Matisi kwenda Bungoma ilipitia Ulaya kwanza!

Stima inayoingia kwenye seva karibu yote hugeuka joto. Mnalijua lundo la mahindi mabichi: yarundike kabla hayajakauka, kisha uingize mkono katikati, utakuta moto. Seva nazo hujipasha hivyo hivyo, ila zenyewe hazichukui siku, ni dakika tu. Zikizidiwa hujizima zisiungue. Tarehe 19 Julai 2022, Uingereza ilipopita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, mitambo ya kupoza seva ilishindwa London, na hospitali mbili kubwa zikarudia kalamu na karatasi.

Hapo ndipo kiyoyozi kinapoingia. Watu husema kinatengeneza baridi. Si kweli, kiyoyozi ni mchukuzi. Ndani ya mabomba yake mna kimiminika kinachochemka upesi. Kikipita chumbani huchemka, kikawa gesi, na katika kuchemka huko hunyonya joto la chumba. Kompresa huibana ile gesi mpaka ikawa moto kuliko hewa ya nje. Feni huipuliza, joto likaenda zake, gesi ikarudi kuwa kimiminika, safari ikaanza upya. Willis Carrier, Mmarekani aliyebuni kiyoyozi cha kisasa mwaka 1902, hakuwa akiwahurumia watu wanaotoka jasho. Kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn kilikuwa kinateswa na unyevu: karatasi zilivimba, rangi zikakosa mahali pake.

Unyevu huzisumbua seva pia. Ukizidi, huleta kutu. Ukipungua mno, huleta cheche. Joto linalopendekezwa ni kati ya nyuzi 18 na 27. Ndiyo maana makabati hupangwa yakitazamana: hewa baridi huletwa usoni, hewa moto hutokea mgongoni. Pita kati ya migongo, utalowa jasho. Zunguka upande wa pili, utaomba sweta.

Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na baridi ya usiku wetu mnaijua. Hewa hiyo ikichujwa vumbi ingepoza seva karibu bure, wakati Mombasa kiyoyozi hakipumui. Lakini nyaya za intaneti hutokea baharini, na wateja wakubwa wako Nairobi, kwa hiyo makabati yamejaa Nairobi na Mombasa. Mimi naona ni hasara kwetu.

Kompyuta zenu nazo huogopa joto; basi mkiingia chumba cha kompyuta shuleni, fungueni madirisha, mfute vumbi kwenye matundu ya feni, na kile kitambaa cha kufunikia msikirudishe mashine ikiwa bado inawaka.