Unaenda majuu na Subaru inabaki? Soma hii kabla hujapanda ndege

VISA imetoka, tiketi imekatwa na mama tayari ameanza kuambia majirani. Limebaki swali moja ambalo hakuna anayekuuliza: ile Impreza iliyo hapo nje itakaa na nani?

Vijana wengi mjini wako kwa hiyo njia panda. Kuna wanaoenda Qatar na Saudia kwa kandarasi ya miaka miwili, kuna wauguzi wanaoelekea Uingereza, na tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi Septemba 2024, wengine wanakesha wakisoma Kijerumani. Mwenye Vitz au Demio huuza, pesa ikageuka nauli, mambo yakaisha. Mwenye WRX, Evo au RX-8 hapati usingizi.

Na si mapenzi tu. Kenya hairuhusu kuagizwa kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Maana yake ni kwamba ukiuza Impreza ya 2005 leo, huwezi kurudi baadaye uagize nyingine kama hiyo kutoka Japani. Zilizo nchini ndizo hizo hizo, na kila mwaka zinapungua: nyingine zinagongwa, nyingine zinachinjwa ziuzwe spea. Halafu kuna jina lenyewe. Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Richard Burns akashinda 2000, wote wakiwa ndani ya Impreza. Watu hapa hawajasahau.

Lakini piga hesabu kwanza. Tuseme umepata maegesho yenye paa na mlinzi kwa Sh5,000 kwa mwezi. Miaka mitatu ni Sh180,000, kabla hujagusa bima, betri mpya na tairi za siku ya kurudi. Na kama logbook bado ina jina la benki au sacco, kumbuka gari likilala, mkopo haulali. Ukiona hesabu inauma, kuuza si aibu.

Kama umeamua kuliacha, elewa jambo moja: gari huharibika likisimama kuliko likitembea.

Kabla ya kulilaza

Badilisha oili ya injini wiki ya mwisho, hata kama kilomita hazijafika. Oili iliyotumika ina unyevu na asidi, na hivyo vitu vikikaa ndani miaka miwili vinakula beringi na sehemu za turbo. Rejeta iwe na kulanti ya kweli, si maji ya mfereji, kwa sababu maji matupu huleta kutu.

Petroli nayo huzeeka. Baada ya miezi michache huanza kupoteza nguvu na kuacha utando unaoziba nozeli. Jaza tangi hadi juu ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, tia dawa ya kuhifadhi petroli, kisha endesha dakika kama 15 ili dawa ifike hadi kwenye injini.

Betri ndiyo hufa mapema zaidi. Alamu, kompyuta na traka vinanyonya umeme hata gari likiwa limezimwa, na wiki chache zinatosha kuimaliza. Chomoa waya wa upande wa hasi, au toa betri kabisa umwachie mtu wa kuichaji mara kwa mara. Ila piga simu kwanza kwa kampuni ya traka, kwa sababu ukikata umeme, nao wanapoteza macho.

Tairi zikibeba uzito mahali pamoja kwa miezi, hupata bapa. Ziongeze upepo kidogo, au uinue gari kwa stendi za chuma zilizokaa imara. Mawe ya kujengea yaache kwa wajenzi, yanaweza kupasuka. Usivute breki ya mkono, maana breki zitashikana. Weka gia na uzuie magurudumu kwa vigingi.

Mwisho, panya. Ziba mdomo wa ekzosi na tundu la kuingizia hewa kwa wavu wa waya, toa kila punje ya chakula ndani, kisha bandika karatasi kwenye usukani kuorodhesha ulichoziba. Funika gari kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Turubai ya plastiki hufungia unyevu ndani, na ukiwa Mombasa, ambako upepo una chumvi, hapo umeialika kutu nyumbani.

Hadithi ya kuwasha kila Jumamosi

Karibu kila mtu atakuambia umwache mtu awe anawasha gari dakika tano kila wiki. Wazo linatoka moyoni, lakini si zuri. Kwa dakika tano injini haipati joto la kutosha. Maji yanayotokana na moto wa injini hubaki kwenye ekzosi na kwenye oili, na betri hupoteza umeme mwingi kuliko inaorudishiwa. Gari ama liendeshwe nusu saa barabarani hadi lipate joto kamili, ama liachwe lilale.

Na hapa ndipo binamu anaingia.

"Buda, niachie funguo niwe naichangamsha tu." Ukisikia hivyo, jua kuna mtu ameshapanga wikendi Naivasha. Akigonga mtu, aliyeumia akienda mahakamani, jina lako litawekwa kwenye kesi pamoja na lake, ukiwa Doha unafanya shifti ya usiku. Na hata asipogonga, kila mkwaruzo utageuka kikao cha familia kwenye WhatsApp. Kukataa mapema ni rahisi kuliko kudai fidia kwa mtoto wa shangazi.

Ufunguo mmoja achia mtu mmoja tu, mzazi au ndugu asiye na haja na mbio. Mwandikie barua mbele ya wakili: anaruhusiwa kuhamisha gari, kulipia maegesho na kuita fundi. Kama hujamruhusu kuuza, iandikwe hivyo.

Makaratasi na simu

Uhamisho wa umiliki siku hizi hufanywa mtandaoni kupitia eCitizen, kwa hivyo nywila yako ni ufunguo mwingine wa gari. Usimpe mtu. Hakikisha pia laini yako ya simu inabaki hai ukiwa huko, kwani laini isiyotumika muda mrefu inaweza kufungwa. Logbook isikae ndani ya gari.

Kuhusu bima, iambie kampuni kwa maandishi kwamba gari litakuwa limeegeshwa, na uulize kama kuna bima ya moto na wizi pekee. Ukinyamaza, siku ya kudai ndiyo utasomewa maandishi madogo.

Siku ya kurudi

Usiruke ndani na kuwasha. Soma ile karatasi ya usukani na utoe ulichoziba. Mwaga petroli ya zamani, weka betri, kisha toa fyuzi ya pampu ya petroli na uzungushe injini mara kadhaa bila kuwaka ili oili ipande. Mafuta ya breki yabadilishwe, maana huvuta maji kutoka hewani.

Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Kwa Subaru inayovuta magurudumu yote manne, tairi zikizeeka badilisha zote nne kwa mkupuo. Na kama lazima ipelekwe gereji kwa kuvutwa, ibebwe nzima juu ya lori. Magurudumu mawili yakiburuzwa chini, utalipia gia.

Ukishamaliza hayo, rudisha fyuzi, washa, uipe muda ipate joto. Turbo usiisumbue siku hiyo.