Boti kuukuu au la karibuni? Usihesabu miaka, kagua ngama

Hapa Kenya, gari lililotumika likipita miaka minane haliruhusiwi kuingia nchini. Sheria hiyo imetuzoesha jambo moja: tukionyeshwa chombo chochote chenye mashine, swali letu la kwanza ni "cha mwaka gani?" Swali hilo sasa tunalipeleka hadi baharini.

Mtu amelipwa kiinua mgongo, au vijana watano wamechanga katika chama chao, na wanataka boti la kabini la kupeleka wageni kuvua au kutazama pomboo. Wanaonyeshwa mawili kwa bei inayokaribiana. Moja ni la miaka ya 1980, zito, rangi imefifia. La pili ni la miaka ya 2000, linang'aa, lina mbio na viti vya ngozi. Wengi huvutwa na la pili kabla hata hawajafungua kifuniko cha mashine. Huenda wakawa wamepata, na huenda wakawa wamejinunulia deni. Mwaka wa kuundwa peke yake hauwezi kuwaambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Wazee walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Swali la mnunuzi ni vimeundwa vipi, na tangu siku hiyo vimetunzwa vipi.

Faiba haizeeki kama bati

Bodi ya gari huliwa na kutu hata ikiwa imeegeshwa. Faiba haina kutu. Maboti mengi ya faiba ya miaka ya 1970 na 1980 yaliundwa kwa matabaka mengi na manene, na mpaka leo bodi zake ni ngumu. Ugonjwa wao unaojulikana ni malengelenge chini ya mstari wa maji: maji hupenya polepole kwenye rangi ya nje na kufanya viputo. Viputo vichache vidogo hukwanguliwa, vikaachwa vikauke, vikazibwa. Vikienea tumbo zima, hiyo ni kazi ya miezi na fedha nyingi.

Maboti ya karibuni mara nyingi yana gundi bora zaidi upande wa nje, kwa hiyo malengelenge yamepungua. Lakini mengi yamefanywa mepesi ili yakimbie. Kwenye sitaha, na wakati mwingine hata ubavuni, katikati ya matabaka mawili membamba ya faiba hutiwa mbao laini au povu. Muundo huo ni mzuri madhali umebaki mkavu. Fundi akitoboa tundu la skrubu ili afunge kishikio au kivuli cha jua, asilizibe sawasawa, maji ya mvua huingia na mbao huoza ndani kwa ndani. Nje utaona rangi nyeupe safi.

Maboti makuukuu nayo yana mbao zilizofichwa. Mihimili ya chini inayobeba mashine na ukuta wa tezi mara nyingi ni plaiwudi iliyofunikwa faiba. Ikioza, mashine hucheza mahali pake na shafti hukosa kunyooka.

Kukagua si uchawi. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga sitaha, ukuta wa tezi na mihimili, hatua kwa hatua. Palipo pazima hutoa sauti kali. Palipooza hutoa sauti butu. Tembea juu ya sitaha bila viatu. Mahali panapobonyea kama godoro pana maji chini yake. Kisha shuka ngamani kwa tochi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na mnunuzi mwerevu huanzia huko huko. Ngama yenye mafuta meusi, maji ya chumvi na nyaya zilizoungwa kwa gundi ya karatasi inakueleza tabia ya mwenye boti kuliko maneno yake.

Angalia pia valvu zinazopitisha maji ya bahari kwenye bodi. Zikiwa za shaba iliyochanganywa na zinki, chumvi hula zinki na kuiacha shaba ikiwa dhaifu. Ukikwangua kidogo na kuona rangi ya waridi badala ya manjano, valvu hiyo inaweza kuvunjika mkononi, na boti likazama likiwa limetia nanga.

Mashine utakayoweza kuitengeneza hapa

Hapa ndipo tofauti ya miaka inapouma. Mashine za dizeli za zamani, kama Perkins na Ford zilizofungwa kwenye maboti mengi ya miaka hiyo, zina pampu na nozeli za kawaida na hazina kompyuta. Jamaa zake ziliendesha trekta na malori. Fundi wa dizeli wa Mtwapa, Malindi au Lamu anaweza kuifungua, kuisafisha na kuiwasha. Zina moshi, zina kelele, ni nzito. Lakini hazikuachi baharini kwa sababu ya kihisi kimoja kilicholoa.

Mashine za dizeli za karibuni zina turbo na nyingi zinaongozwa na kompyuta. Zinatoa nguvu zaidi kwa uzito mdogo na moshi wake ni mdogo. Gharama yake ni kwamba zinataka dizeli safi kabisa isiyo na maji, zinataka fundi mwenye kifaa cha kusoma hitilafu, na kipuri kikikosekana nchini unasubiri meli au ndege. Kwa mwenye boti la starehe, kusubiri wiki sita ni kero tu. Anayelipa ada za shule kwa boti hilo atakuwa amekosa sehemu kubwa ya msimu wa kaskazi.

Usidanganywe na saa chache za mashine. Dizeli inayotunzwa hufikia saa 5,000 na zaidi. Boti la miaka 20 lenye saa 400 limefanya kazi saa 20 tu kwa mwaka. Muda uliobaki lilikaa. Boti linalokaa hukusanya maji kwenye tangi, mipira hukauka, na kiwiko cha ekzosi kinachopitiwa na maji ya chumvi huliwa kimyakimya. Saa nyingi zenye kitabu cha matengenezo ni bora kuliko saa chache zisizo na karatasi hata moja.

Siku ya kujaribu, fika mashine ikiwa baridi. Ukiikuta imeshapashwa moto, jiulize kwa nini. Tazama moshi: mweusi usiokoma ni mzigo au dizeli isiyoungua, wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usioisha baada ya kupata joto huenda ni maji yanaingia ndani. Toka nje ya mlango wa bahari, fungua hadi mwisho kwa dakika chache. Mashine isipofikia mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji, ama tumbo ni chafu, ama rafadha si yake, ama mashine imechoka. Joto likipanda nalo, rudi bandarini na usilipe.

Mguu wa nyuma na petroli

Maboti mengi makuukuu yana shafti iliyonyooka inayotoka chini ya bodi hadi kwenye rafadha. Maboti mengi madogo ya karibuni yana mguu uliofungwa nje ya tezi, wenye gia na rafadha pamoja. Mguu huo unainuka kwenye maji mafupi na unaongeza mbio. Lakini ni aluminiamu ndani ya maji ya chumvi yenye joto mwaka mzima. Vipande vya zinki vinavyoulinda visipobadilishwa, huliwa wenyewe. Mpira wake wa makunjo nao lazima ubadilishwe kila baada ya miaka michache. Ukipasuka, maji huingia ndani ya boti. Kwa boti la kulala majini kila siku, shafti ina raha zaidi.

Chunguza pia kama mashine ya ndani ni ya petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani na kukaa, na cheche moja inatosha. Kwa abiria, dizeli ni salama zaidi.

Hesabu ya mafuta

Mashine ya dizeli hunywa kadiri ya lita 1 kwa saa kwa kila nguvu-farasi 4 au 5 inazotoa. Boti zito linalokwenda polepole, maili za baharini 7 kwa saa, linaweza kutumia nguvu-farasi 40 tu, yaani lita 8 hadi 10 kwa saa. Boti jepesi likiinuka juu ya maji na kukimbia maili 20 kwa saa huenda likatumia nguvu-farasi 300, yaani lita 60 hadi 75. Kwa safari ya maili 28, la kwanza litachukua saa 4 na lita zisizozidi 40. La pili litafika kwa muda wa chini ya saa moja na nusu, likiwa limekunywa lita 84 hadi 105. Kama wageni wako wanataka kufika mbali na kurudi kabla ya adhuhuri, mbio zina thamani. Kama kazi yako ni kutembeza familia kwenye miamba ya karibu, unawalipia mbio wasiozihitaji.

Roho za watu

Boti la starehe lililoundwa kwa watu sita haliwi la watu ishirini kwa kuongezwa mabenchi. Makuukuu mengi yamejengewa paa la juu baadaye. Siku pomboo wakitokea ubavuni, abiria wote hukimbilia upande mmoja, na uzito ulio juu ndio unaopindua chombo. Ukikuta sehemu ya juu imeongezwa, uliza nani aliiidhinisha.

Mamlaka ya Ubaharia Kenya, KMA, ndiyo inayokagua na kusajili vyombo vidogo. Kabla ya kutoa arbuni, hakikisha jina lililo kwenye usajili ni la anayekuuzia na kwamba cheti cha ukaguzi hakijapitwa na wakati. Mlipe mkaguzi wako mwenyewe, asiwe yule aliyeletwa na dalali. Boti litolewe majini kwa ajili hiyo. Maji ya bamvua kwetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na mashua zetu tumezoea kuzipweleza pwani. Usifanye hivyo kwa boti lenye shafti na rafadha zinazoning'inia chini ya mkuku, utaziinamisha. Tafuta karakana yenye njia ya kuvutia vyombo.

Uamuzi

Tuseme mna shilingi milioni 4. Msinunue boti la milioni 4, liwe kuukuu au la karibuni. Tafuteni la milioni 3, na ile moja iliyobaki iwe ya mwaka wa kwanza: valvu, mipira, nyaya, jaketi za kuokolea, leseni na bima. Anayemaliza fedha zote siku ya kununua hupeleka abiria baharini kwa kubahatisha.

Kama mashine na bodi vyote viwili ni vizima, na boti ni la kutafutia riziki hapa pwani, kuukuu lenye dizeli ya kawaida na shafti ndilo la kuchukua. La karibuni lichukue ukiwa na fundi anayeijua kompyuta yake, vipuri umeshajua vinakotoka, na kazi inayohitaji mbio. Na kama ngama za yote mawili hazikukuridhisha, weka fedha zako. Kusi ikianza kuvuma, msimu wa watalii hupungua na wenye maboti huanza kuhesabu gharama ya kuyatunza. Wakati huo bei huzungumzika.