KWA NINI MOTERI YA MASHUA INAPASUKA KWA BARIDI

Huku Mutshatsha mwezi wa sita na wa saba usiku tunatetemeka, lakini maji ya ziwa Nzilo, karibu na Kolwezi, hayagandi. Kule Kanada na Ulaya ya kaskazini iko tofauti: maziwa yanageuka barafu, na mashua inalala ku inchi kavu miezi mingi.

Hatari iko wapi? Moteri ya ndani ya mashua inavuta maji ya ziwa. Yanazunguka silinda na kuzipoza, kisha yanatoka pamoja na moshi. Yakibaki mle na kuganda, yanaongezeka karibu 9 kwa 100. Chupa ya kioo yenye kujaa maji, ukiigandisha mu friji, inapasuka. Chuma nacho vilevile, na moteri imekufa.

Basi wanafanya hivi:

1. Wanawasha moteri ipate moto, halafu wanamwaga oili ya zamani, maana ina asidi yenye kula chuma. Wanatia mpya.
2. Wanamwaga maji yote, kisha wanavutisha dawa isiyoganda (glikoli) mpaka itoke ku bomba ya moshi.
3. Wanajaza tanki ya mazutu, hewa isilete matone ya maji ndani.
4. Wanatoa batri na kuichaji. Batri isiyo na moto inaganda upesi.

Na sisi? Barafu hatuna, lakini kutu tunayo. Grupu ya umeme ao pampu yenye kulala vakansi yote inataka vilevile oili mpya, tanki yenye kujaa na batri pembeni. Kazi ya saa moja tu, moteri imepona.