Gazeti la Kufungia Sodo

Katika vijiduka vya Shimanzi, Mombasa, vilivyobanana baina ya bohari na matangi ya mafuta, mwanamke anunuapo sodo mwenye duka huikunja barabara ndani ya gazeti la jana kabla ya kumkabidhi, hata mpita njia asitambue kilichomo. Na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, kazi hiyo ya sitara imezidi kuyaangukia magazeti, ambayo ndani ya kurasa zake yamekuwa yakiifanya tangu zamani.

Asidhani mtu kwamba kimya hicho chote tumekirithi kwa wazee. Kijana wa Mji wa Kale aliyesomeshwa kitabu cha fiqhi cha Safinatun Najaa chuoni alihifadhi, kwa sauti na mbele ya mwalimu wake, kuwa uchache wa hedhi ni mchana na usiku wake, ghalibu yake siku sita au saba, na wingi wake siku kumi na tano. Na Imamu Bukhari ameitengea hedhi kitabu kizima katika Sahihi yake, ambamo mna habari ya Bibi Aisha aliyelia njiani akienda kuhiji kwa kujiona imemjia, Mtume akamtuliza kuwa hilo Mungu amewaandikia mabinti wa Adamu. Kwa upande wa wanawake, binti akivunja ungo alikabidhiwa somo wake, yaani mkufunzi wake wa unyago, akafunzwa kwa nyimbo na mafumbo; na Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, aliifikisha ngoma ya unyago hata kwenye majukwaa ya Ulaya. Ni kweli kwamba mafunzo hayo yalikuwa ya faragha na wanaume hawakukaribishwa, ila waliokuwamo ndani hawakuona haya kusema.

Ilipokuja runinga na matangazo yake ya biashara, tulionyeshwa sodo ikimiminiwa maji ya buluu, kana kwamba wanawake wameumbwa kwa wino. Huko Uingereza kwenyewe, kampuni ya sodo ya Bodyform ilingoja hadi mwaka 2017 ndipo ikathubutu kutumia rangi nyekundu. Magazeti yetu nayo aghalabu huitaja hedhi penye msaada tu: mheshimiwa na paketi mkononi, wasichana wamepangwa safu. Kodi ya sodo iliondolewa mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2017 ikaamuru wanafunzi wapewe bure; ni heri kubwa, lakini katika picha zile anayetajwa jina ni mfadhili.

Tarehe 14 Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti na suti nyeupe yenye doa jekundu. Wenziwe wakalalamikia adabu ya mavazi, na Spika Amason Kingi akamtaka aende akabadilishe nguo ndipo arejee. Wako waliobishana kama doa lile ni la kweli, swali nililoliona dogo mno, kwani kilichowatia kiwewe waheshimiwa ni rangi, ikitoka popote itokapo. Habari ile ikajaa magazetini. Na magazeti, yakishasomwa, huuzwa kwa kilo na kurudi madukani, Shimanzi ikiwamo.