Makala yanataka hewa, si esanse

Bandugu, kila tukikutana kwa michopo hapa Kolwezi, hakosi mmoja wa kushika chupa ya esanse juu ya mbabula. Hapana! Mvuke wa esanse unalipuka, na nyama inabaki na harufu yake. Sashe ya plastiki nayo, acheni.

Makala yanataka hewa. Kwanza toa majivu ya jana, matundu ya chini yafunguke. Panga vijiti vikavu, halafu makala madogo, makubwa juu, bila kuyabana. Washa kwa chini, mlango wa mbabula uangalie upande upepo unatokea. Upepo hakuna? Simamisha juu yake kopo refu la chuma lisilo na kifuniko wala kitako: linavuta hewa kama bomba la moshi. Makala yaliyonyeshewa, yaanike kwanza. Ngoja karibu minuti 20, mpaka yavae majivu meupe. Hapo njo unaweka nyama.

Sasa tusikilizane vizuri. Makala meupe hayana moshi, njo maana usiku wa baridi ya Juni na Julai watu wanaingiza mbabula chumbani na kufunga dirisha. Kumbe bado yanatoa monoksidi ya kaboni: haina rangi, haina harufu, na inachukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, mtu haamki tena.

Wewe uliyesoma, ambia wa kwenu leo: mbabula inalala inje.