Kabla hujamnyang'anya mtoto pedi ya gemu

Mwaka 2013 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Adam Gazzaley na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Waliwapa wazee wa miaka 60 hadi 85 gemu ya kuendesha gari kwenye barabara yenye kona nyingi. Gari likiwa linakwenda, alama zilijitokeza ghafla; mzee alitakiwa kubonyeza aionapo alama moja tu na kuzipuuza nyingine, huku usukani haujamponyoka. Baada ya saa 12 za mazoezi ndani ya mwezi mmoja, wazee hao waliwapiku vijana wa miaka 20 ambao hawakuwa wameizoea gemu hiyo. Umakini wao nao uliongezeka, na miezi sita baadaye ule wepesi wa kushika mambo mawili kwa pamoja ulikuwa bado upo.

Nimeanza na wazee makusudi. Kwetu gemu ikitajwa, anayepandishwa kizimbani ni mtoto, wakati baba anayemfokea kwa kuchelewa kwenye kibanda cha PlayStation anacheza Candy Crush ndani ya daladala toka Mbagala hadi Kariakoo.

Ubongo hunoleka pale unapotumiwa. Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester walionyesha mwaka 2003 kwamba watu wasiozoea gemu, wakicheza ile ya vita ya Medal of Honor saa moja kwa siku kwa siku 10, hutambua vitu vingi kwa mtazamo mmoja kuliko wenzao waliopewa Tetris. Kwa dereva wa bodaboda hilo si dogo. Ila halimfanyi mtu ajue hesabu, na hapo ndipo wauzaji hutia chumvi. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2, baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kuituhumu kuwahadaa wateja kwamba gemu zake zitawafaulisha shuleni na kuzuia akili kudhoofika uzeeni.

Na hofu kwamba anayefyatua risasi kwenye skrini atakuja kuwa mkorofi? Andrew Przybylski na Netta Weinstein walichunguza zaidi ya vijana 1,000 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15, wakatangaza mwaka 2019 kwamba hawakuona uhusiano huo. Hiyo si ruhusa ya kumpa mtoto wa miaka sita Grand Theft Auto. Imetengenezwa kwa watu wazima, basi.

Wasiwasi wangu mimi uko kwenye usingizi na pesa. Gemu nyingi za simu hutolewa bure, lakini zimepangwa zisiishe: zawadi ya kila siku, hatua inayokwama hadi usubiri au ulipie. Saa sita usiku mtoto hana ubavu wa kushindana na mpango huo. Kibandani, pamoja na lawama zote tunazokitupia, angalau hungoja zamu, hutaniwa na wenzake akifungwa, na usiku mlango hufungwa.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, bila kutaja idadi ya saa. Linalotazamwa ni mchezaji kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mengine yote, na kuendelea hata akiona inamuumiza, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. China waliamua kuhesabu saa: tangu 2021, walio chini ya miaka 18 huruhusiwa kucheza gemu za mtandaoni saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa hadi Jumapili na sikukuu tu.

Mzazi, huna haja ya sheria ya Beijing. Shika pedi ya pili, kaa ucheze naye. Ukishafungwa mabao matano, muulize gemu zake za simu zinaishia wapi na zinaomba pesa lini. Halafu usiku simu zote, yako ikiwemo, zilale sebuleni.