Kupanga Nyumba Uingereza Huku Deni Likikufuata

Wakala wa nyumba nchini Uingereza hahitaji kumchukia mpangaji ili amkatae. Hesabu ya kuzidisha inamtosha. Anachukua kodi ya mwezi, anaizidisha kwa 30, na jibu analopata ndilo pato la mwaka analotaka kuliona kwenye karatasi. Nyumba ya pauni 1,200 kwa mwezi inadai pato la pauni 36,000. Mama anayefanya usafi maofisini kwa saa chache kwa wiki, kisha akajaziwa na ruzuku ya serikali iitwayo Universal Credit, mara nyingi hafiki huko, na hapo rekodi yake ya mikopo bado haijafunguliwa. Ikifunguliwa ikakutwa na hukumu ya deni la simu la mwaka juzi, anaambiwa nyumba imeshachukuliwa.

Wengi wakifika hapo hulaumu alama zao za mikopo, zile namba zinazoonekana kwenye simu zikiwa na rangi nyekundu, njano na kijani. Lawama hiyo haikulenga vizuri. Mwenye nyumba kwa kawaida hazioni alama hizo. Kampuni ya uhakiki anayoilipa huangalia zaidi mambo yaliyo hadharani: hukumu za madeni za mahakama ya kaunti, kufilisika, mipango rasmi ya kulipa wadai, na kama jina la mwombaji linalingana na anwani aliyoitaja. Kisha inarudisha jibu fupi: anafaa, anafaa akiwa na mdhamini, au hafai. Uchunguzi wa namna hiyo kwa kawaida hauziteremshi alama za mtu hata ukirudiwa mara kumi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuisoma rekodi kabla wakala hajaisoma. Kampuni tatu kubwa ndizo zinazotunza rekodi hizi Uingereza: Experian, Equifax na TransUnion. Zote zinawajibika kisheria kumpa mtu ripoti yake bila malipo. Hukumu ya mahakama hukaa humo miaka 6, lakini ikilipwa yote ndani ya mwezi mmoja tangu itolewe, hufutwa kabisa. Ikilipwa baadaye haifutwi, ila huandikwa kwamba imelipwa, na maneno hayo machache humlainisha wakala kuliko mtu anavyodhani. Kuna pia kovu la akaunti ya pamoja: mume aliyeondoka zamani bado anaweza kuonekana kwenye faili la mke kwa sababu waliwahi kufungua akaunti ya benki pamoja. Dawa yake ni kuiandikia kampuni ya rekodi ikate uhusiano huo, mradi akaunti yenyewe imeshafungwa.

Hapa Waswahili wa Uingereza wana jambo lao. Kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura ndiyo njia rahisi ya kuthibitisha anwani, na raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kuishi wanaruhusiwa. Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda, ambaye nchi yake ilijiunga mwaka 2009, wote wanaweza. Raia wa Kongo au Burundi anayeishi England hawezi, kwa hiyo faili lake hubaki na pengo ambalo mashine hulisoma kama dosari. Anachoweza kufanya ni kuzipelekea kampuni hizo ushahidi wa makazi na kuomba maelezo yawekwe kwenye faili. Na yule aliyeorodheshwa na CRB, kampuni ya rekodi za mikopo, Nairobi kwa mkopo wa simu asikose usingizi, kwani kwa kawaida rekodi hiyo haivuki bahari. Tabu ni kwamba na sifa njema za Nairobi nazo hazivuki, hivyo mtu aliyelipa kodi Eastleigh miaka kumi bila kuchelewa huanza London kama aliyezaliwa jana.

Tuje kwenye ruzuku yenyewe. Housing Benefit ya zamani bado ipo kwa wastaafu na makundi machache, lakini kwa wengi walio katika umri wa kufanya kazi msaada wa kodi sasa uko ndani ya Universal Credit. Anayepanga kwa mtu binafsi halipiwi kodi yoyote anayoikubali. Kila eneo lina kikomo chake, kinachoitwa Local Housing Allowance. Kikomo hicho kilipoanza kutumika nchi nzima mwaka 2008 kiliwekwa katikati ya kodi za eneo. Tangu 2011 kimeshushwa: ukizipanga nyumba 100 za eneo kuanzia ya bei nafuu, kikomo kinaangukia karibu na ile ya 30. Kiliongezwa Aprili 2024, kikagandishwa tena mwaka uliofuata, wakati kodi hazikuganda. Mtu asiye na mwenzi wala watoto aliye chini ya miaka 35 hupewa kiwango cha chumba katika nyumba ya kushirikiana, isipokuwa ana sababu maalumu. Juu ya yote hayo kuna dari ya jumla ya ruzuku, ambayo tangu 2023 ni pauni 25,323 kwa mwaka kwa familia iliyo London na 22,020 nje ya London. Wagonjwa na walemavu wengi wamesamehewa dari hiyo, na pia wanaofanya kazi wakavuka kiwango fulani cha mapato.

Ndiyo maana kuangalia nyumba kabla ya kujua kikomo cha eneo ni kujichosha. Tovuti ya serikali inakionyesha kwa kuandika msimbo wa posta tu.

Sasa hofu ya mwenye nyumba. Ukimsikiliza kwa utulivu utagundua kinachomkosesha raha ni miezi ya mwanzo. Dai jipya la Universal Credit huchukua wiki 5 kabla ya malipo ya kwanza, na kodi hudaiwa mapema mwezi unapoanza. Fedha inaingia kwenye akaunti ya mpangaji, na yeye ndiye anayetarajiwa kuipeleka. Mwenye nyumba mwenye mkopo wa benki anaona pengo hilo, akilijumlisha na hukumu ya deni, anaamua kutafuta mwalimu au muuguzi. Uamuzi wake hauna huruma, lakini una mantiki, na mpangaji anayetaka kuushinda inabidi alijibu pengo lenyewe.

Majibu yapo. Idara ya kazi na pensheni inaweza kuipeleka sehemu ya kodi moja kwa moja kwa mwenye nyumba, hasa pale mpangaji ana malimbikizo ya kodi au aliwahi kukosa makazi. Mwenye nyumba mwenyewe anaweza kuomba hivyo malimbikizo yakifika miezi miwili. Uskoti, mpangaji anachagua mwenyewe utaratibu huo bila kujieleza. Malipo ya awali ya Universal Credit yanaweza kuombwa ili kuziba wiki 5, ingawa ni mkopo unaokatwa kidogo kidogo baadaye. Na kuna ombi dogo ambalo watu hulisahau: tarehe ya kodi iwekwe siku tatu nne baada ya tarehe ya kuingia ruzuku. Haligharimu senti, na linamwonyesha wakala kwamba mtu huyu anajua fedha yake inatembeaje.

Kwa miaka mingi matangazo ya nyumba yalikuwa na maneno mawili tu, “No DSS”, yaani wapokea ruzuku wasijisumbue. Idara ya hifadhi ya jamii iliyotajwa kwa herufi hizo ilivunjwa mwaka 2001, lakini tangazo liliendelea kuishi bila mwenyewe. Julai 2020 mahakama ya York iliamua kwamba kuwakataa wapokea ruzuku wote kwa jumla ni ubaguzi usio wa moja kwa moja kwa misingi ya jinsia na ulemavu, kwa kuwa wanawake na walemavu ndio wengi miongoni mwao. Mlalamikaji alikuwa mama anayelea watoto peke yake, akisaidiwa na Shelter, shirika linalotetea haki za makazi. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imekwenda mbele zaidi: kuanzia tarehe 1 Mei 2026 kumbagua mpangaji nchini England kwa sababu ya ruzuku au watoto ni kosa lenye faini ya hadi pauni 7,000, na kupandishiana dau la kodi kumepigwa marufuku.

Tusishangilie mno. Wakala bado ana haki ya kupima kama mpangaji atamudu kodi, na bado ana haki ya kusoma rekodi ya mikopo. Sheria hiyohiyo imeufunga mlango mmoja wa nyuma. Zamani mtu mwenye rekodi mbaya aliweza kutandaza kodi ya miezi sita mezani na mjadala ukaisha. Sasa mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya mwezi mmoja kabla upangaji haujaanza. Mpokea ruzuku hakuwa na miezi sita mfukoni, kwa hiyo amepunguziwa washindani wenye fedha. Lakini uzito wote sasa umehamia kwa mdhamini, na hapo ndipo maskini anapoumia.

Mdhamini hutakiwa kuwa mkazi wa Uingereza na mara nyingi pato lake lipimwe kwa kodi mara 36. Kwa ile nyumba ya pauni 1,200, hiyo ni pauni 43,200 kwa mwaka. Katika jamii zetu ombi hili humwangukia binamu mmoja mwenye kazi nzuri Leicester au Birmingham, ambaye ameshasaini kwa ndugu wawili. Asaini macho yakiwa wazi: anakubali kulipa kodi na uharibifu mpangaji akishindwa. Asiye na binamu aulize halmashauri. Baadhi zina mipango ya udhamini au hati ya amana, na kwa sheria iliyoanza kutumika England 2018 halmashauri inawajibika kumsaidia mtu anayestahili ambaye anaweza kukosa makazi ndani ya siku 56. Kusubiri hadi mizigo iko nje ni kuchelewa.

Amana yenyewe ina mipaka. England, kwa kodi isiyofika pauni 50,000 kwa mwaka, haiwezi kuzidi wiki 5, ambayo kwa mfano wetu ni pauni 1,384, na lazima iandikishwe kwenye mfuko wa ulinzi ndani ya siku 30. Ada ya uhakiki wa mikopo ilipigwa marufuku England mwaka 2019. Wakala anayeidai anavunja sheria.

Onyo moja kwa wanafunzi na wahudumu wa wazee waliokuja kwa viza. Wengi wao kibali chao kinasema hawaruhusiwi kutumia fedha za umma, na msaada wa kodi ni mojawapo. Kudai kunaweza kuharibu ombi la kuongeza viza, hata kama karani alikubali fomu. Wazungumze na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kujaza chochote.

Na deni lisifichwe. Fedha ya kuishikilia nyumba, isiyozidi kodi ya wiki moja, hurudishwa mwenye nyumba akibadili mawazo, lakini mpangaji aliyetoa taarifa za uongo anaweza kuipoteza yote. Kwa nyumba ya pauni 1,200 hiyo ni karibu pauni 277. Mwambie wakala juu ya hukumu ya deni kabla hujatoa fedha hiyo, umwambie kwa maandishi, na uambatanishe barua ya mwenye nyumba wako wa sasa inayosema kodi imelipwa kwa wakati.